Kikombe cha Bati

Tangu Alhamisi mabomba ya Wete yalikohoa tu,
kutu na upepo.
Jumapili, beseni la ubatizo lilikuwa kavu,
ndani yake kalala mjusi kafiri
(jina lake ndilo hilo, sikumpa mimi).
Katekista Akwino akatazama dari, kisha akanitazama mimi.
Ibada saa tatu.

Nikavuka uchochoro kwenda kwa Bi Mize,
aliyemwogesha mwanangu siku arobaini
kwa mikono inayonuka karafuu,
akimkanda magoti, akimvuta pua isimame.
Alikuwa keshachota: ndoo ya rangi ya ukuta,
kifuniko juu, na juu ya kifuniko jiwe.
"Chukua. Ila n'ambie, Felista mwanangu,
mtoto huyu kakosani hata mwende kumwosha?
Siku arobaini n'kimwogesha, sikuona doa."

Ndoo ilikuwa nzito.
Jibu langu lilimwagikia njiani,
nusu kwenye kanga, nusu kwenye vumbi.

Ningemweleza habari za Tekla?
Tekla wa siku mbili, kule Masasi,
usiku wa mvua, padre yuko safarini.
Mezani palikuwa na kikombe cha bati, kimejaa.
Nilikishika.
Nikanywa.
Miezi baadaye ndipo nikaambiwa:
hata mama anaweza, hata kikombe kinatosha.
Miaka sita nayameza maji yale,
hayashuki.

Wako walionifariji kwa kunitisha.
Mmoja tu, padre mzee asiyeona vizuri,
alinishika kiwiko akasema:
"Maji tumefungiwa sisi, mama. Mungu hakufungwa nayo."
Nikalia hadi nikaona haya.

Kwa hiyo leo sikuja kwa hofu.
Denisi ndiye aliyekesha akigeuka kitandani:
"Si tumwache akue, achague mwenyewe?"
Nikamwambia, nani alimwuliza kuhusu jina?
Nani alimwuliza kama anataka lugha hii
ya *kakosani* na *n'ambie*,
ambayo ndiyo atakayoiota?
Maziwa yangu hakuyapigia kura.
Atachagua, Denisi, siku yake ipo,
lakini achague akiwa ndani, kashiba, mlango wazi,
si akiwa barazani anachungulia.
Denisi akanyamaza. Sijui kama alikubali
au alisinzia.

"Mnamkana Shetani?"
"Tunamkana," tukasema, sauti nyembamba,
kwa niaba ya mtu aliyelala fofofo, mdomo wazi.
Nikajisikia mwongo kidogo.
Mimi niliyemtukana muuza mkaa juzi tu,
namkana nani?

Padre akachota. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Maji ya Bi Mize yakapita juu ya utosi,
pale palipo laini, panapodunda,
ambapo mfupa bado haujafunga mlango.
Na mimi niliyedhani nimeleta mtoto
nikaona nimeletwa.
Hakufanya lolote, hakusema lolote,
hakustahili wala hakukataa,
akapewa yote.
Ndivyo nilivyopewa mimi pia,
ila mimi nilikuwa macho, nikadhani nimelipa.

"Simeoni," padre akamwita.
Akaamka, akapiga chafya,
akamkojolea msimamizi wake kwenye suti ya kuazima.
Watu thelathini na mmoja wakasema Amina
huku wanacheka.
Mjusi sijui alikwenda wapi.

Jioni nikarudisha ndoo.
Chombo cha jirani hakirudi kitupu:
nilitia vitumbua, nikafunika kwa kitambaa.
"Ehe," akasema Bi Mize, "doa limetoka?"
"Doa lilikuwa langu," nikamjibu. "La kikombe."

Hakuuliza kikombe gani.
Akamchukua Simeoni, akamlaza begani,
akamnusa utosini, taratibu,
kama mtu anayeonja mchuzi alioupika mwenyewe.
"Anuka kisima changu," akasema,
akaingia naye ndani.